Mwantumu na Kanzidata ya Mabao

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani au nyumbani kula, lakini Mwantumu alikwenda kuchukua ufagio. Shule yao ya sekondari ilikuwa nyuma ya maghala ya korosho mjini Nachingwea, na vumbi jekundu la njia ya maghala halikuwa na adabu hata kidogo. Lilipita madirishani, likapita chini ya mlango, likakaa ndani ya chumba cha kompyuta kana kwamba nalo limeandikishwa kidato cha kwanza. Mwantumu alifagia, akafunua mashine moja baada ya nyingine, akazipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha akaziwasha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na chumba kile alikipenda kuliko mahali pengine popote shuleni.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu. Edwin, mwenzake wa klabu ya kompyuta mwenye mdomo usiojua likizo, alisema zikiwashwa hukohoa kwanza kama babu aliyeamshwa alfajiri.

"Usizicheke," Mwantumu alimwambia. "Zitakususia."

"Zikinisusia nitakwenda kucheza mpira. Wewe zikikususia utakwenda wapi?"

Swali hilo lilikuwa la utani, lakini Jumatatu moja ya mwezi wa nane liligeuka kuwa la kweli. Mkuu wa shule, Mwalimu Dionisia, alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, akatazama huku na huku kama mtu anayepima.

"Shikamoo, Mwalimu," wanaklabu walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Sikilizeni, mimi sina ugomvi nanyi. Ila mahindi ya chakula chenu cha mchana yananyeshewa kila masika kwenye lile banda bovu, na hapa nina chumba kikavu kinacholaza mashine. Mwezi ujao kuna Siku ya Klabu kule Ruangwa. Nendeni mkanionyeshe kuwa kompyuta hizi zina kazi ya maana. Mkirudi mikono mitupu, klabu inafungwa na mahindi yanaingia."

Alipoondoka, Mwantumu alizitazama mashine zake. Chumba chake, chumba anachokifagia kila siku, kilikuwa kinachukuliwa na magunia.

Mwalimu Kipriani, mlezi wa klabu, hakuwa mtu wa kulalamika. Alichukua chaki akaandika ubaoni neno moja: KANZIDATA.

"Mnaijua ligi ya shule za msingi, Nachingwea na Ruangwa," alianza. "Kila msimu watu wanagombana. Nani kafunga, nani kachezea timu gani, karatasi imeliwa na mchwa. Kamati ya ligi imesema itachagua klabu moja iwatengenezee mfumo. Basi sisi tutajenga kanzidata. Ni mahali pa kutunza taarifa kwa mpango. Kila jambo lina jedwali lake, linaandikwa mara moja tu mahali pake, na ukilitaka unaliuliza. Lugha ya kuliulizia inaitwa SQL."

"Na tutaijengea kwenye nini, Mwalimu?" Edwin aliuliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Programu za kanzidata ziko nyingi." Mwalimu Kipriani alitoa flashi mfukoni. "Humu kuna tatu. Moja ni kubwa, ya aina inayotumiwa na mabenki. Ya pili ni PostgreSQL. Ya tatu ni hii ndogo, SQLite. Mwantumu, wewe ndiye unayezijua mashine hizi kuliko sisi sote. Zijaribu zote tatu. Ijumaa utuambie tujifunzie ipi. Sitaki yenye jina kubwa, nataka inayotufaa sisi, kwa mashine hizihizi."

Mwantumu alipokea flashi kwa mikono miwili. Alijiona mtu mzima.

Lakini kujaribu ni kazi, tena kazi isiyo na vigelegele. Siku ya kwanza alisoma maelezo ya kusakinisha ile programu kubwa, akaona ni marefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, akaahirisha. Siku iliyofuata kulikuwa na mechi. Siku iliyofuata tena aliombwa na mama yake akasaidie kupepeta ufuta. Alhamisi jioni flashi ilikuwa ingali kwenye begi, haijaguswa. Ndipo akaazima simu ya mama na kumpigia Hamidi, binamu yake aliyekuwa akisoma chuo Dar es Salaam.

"Chukueni ya mabenki," Hamidi alijibu kabla swali halijaisha. "Sasa hako kadogo mtakafanyia nini? Ni faili tu kale, ka kitoto. Mtachekwa hadi mkome."

"Una uhakika, kaka Hamidi?"

"Dogo, mimi niko mjini. Niamini."

Ijumaa Mwantumu alisimama mbele ya klabu akasema programu ya mabenki ndiyo yenyewe. Alieleza vizuri, maana maneno alikuwa nayo.

"Umezijaribu zote tatu?" Mwalimu Kipriani aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Zote."

Wenzake wakampigia makofi. Yalikuwa matamu wakati ule, lakini usiku yalichacha kama kiporo.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mateso. Programu kubwa ilitaka kumbukumbu mara mbili ya ile iliyokuwamo kwenye kompyuta za shule. Mashine ya kwanza ilikwama katikati ya kusakinisha. Ya pili ikagoma kabisa hata kuwaka, na Mwalimu Kipriani akalazimika kuifungua na kuanza nayo upya. Jumanne wakasubiri, Jumatano wakasubiri. Alhamisi nusu ya wanaklabu walikuwa wamekwishahamia uwanjani, na waliobaki walitazamana kama abiria wa gari lililoharibika.

"Mwantumu," Mwalimu Kipriani aliita, huku akipangusa mikono. "Ulipoijaribu wewe ilikwendaje? Ilikubali kwenye mashine ipi?"

Mwantumu aliitazama mashine iliyogoma. Edwin akamwonea huruma, akajitia kati. "Labda aliijaribu kwenye ile ya pembeni, Mwalimu. Ile kidogo ina nguvu."

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na rafiki. Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Mwantumu aliwatazama wenzake waliopoteza wiki nzima kwa ajili yake, akaona aibu ya kusema uongo mwingine ni kubwa kuliko aibu ya kusema kweli.

"Sikuijaribu, Mwalimu," alisema. "Sikujaribu hata moja. Nilimpigia binamu yangu wa Dar, nikaja kuwaambia maneno yake. Naombeni mnisamehe."

Mtu mmoja nyuma alisonya. Mwalimu Kipriani alivuta kiti akakaa.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," alisema polepole. "Binamu yako hakukosea kuwa programu ile ni nzuri. Ila yeye hajawahi kuziona mashine hizi, na wewe unazipangusa kila siku. Sasa zimebaki wiki tatu. Adhabu yako ni kazi ileile niliyokupa. Kaifanye."

Na aliifanya. Safari hii hakuchagua kwa masikio. Alianza na mashine kongwe kuliko zote, ile Edwin aliyoibatiza jina la Babu, akajiwekea maswali ambayo kila programu ilipaswa kuyajibu. Je, inakubali kukaa hapa? Inafanya kazi bila mtandao? Na nikiandika upuuzi, inanizuia au inanyamaza? Edwin alikuja kumsaidia. Alisema amekuja kucheka tu, lakini hakuondoka.

PostgreSQL haikukubali kukaa kwenye Babu wala ndugu zake, kwa sababu toleo lililokuwa kwenye flashi lilitaka kompyuta za aina mpya zaidi. Lakini kwenye laptopu ya Mwalimu Kipriani ilikwenda vizuri sana, tena ilikuwa kali kama mwalimu wa zamu. Mwantumu alijaribu kuandika neno "kumi" kwenye safu ya umri inayotaka tarakimu, ikamkatalia papo hapo na kumweleza kosa lake.

SQLite ilikaa kwenye Babu kabla Edwin hajamaliza utani wake. Haikudai mtandao wala haikudai mashine nyingine ya kuitumikia. Kanzidata nzima, majedwali yote, ilikuwa faili moja ambayo ungeweza kuibeba kwenye flashi. Mwantumu akafurahi, akaandika "kumi" kwenye safu ya umri ili amalize jaribio.

Ikalimeza neno lile bila kunung'unika.

"Hii haina meno," Edwin alisema.

Mwantumu akaipa bao lililofungwa na mchezaji asiyekuwepo. Nalo likamezwa. Jioni mbili mfululizo alisoma maelezo ya programu ile mstari kwa mstari, na ya pili ndipo alipoipata dawa. Unaweza kuiamuru iwe kali unapotengeneza jedwali, na unaweza kuiwashia kanuni ya kulinda uhusiano wa majedwali, ila lazima uiwashe kila unapoifungua, maana yenyewe haiiwashi. Alipoandika tena "kumi" na programu ikamkatalia, aliruka kwa furaha hadi kiti kikaanguka.

Safari hii alisimama mbele ya klabu bila maneno ya mtu.

"Tujifunzie SQLite," alisema. "Inakaa kwenye mashine zetu zote na haitaki mtandao. Ubaya wake ni kuwa ni mpole mno, mtu anaweza kuandika ovyo isimwambie kitu, kwa hiyo kila siku tutaikaza kwanza. Na mara moja kwa wiki tutazirudia sentensi zetu za SQL kwenye PostgreSQL ya laptopu ya Mwalimu, tuone mkali anasemaje. Sehemu kubwa ya lugha ni ileile. Tukiijua hapa, tumeijua na kule."

"Na ile ya mabenki?" mmoja aliuliza kwa kejeli.

"Inawafaa mabenki. Sisi si benki."

Walicheka, na Mwalimu Kipriani akacheka nao. Waliohamia uwanjani wakaanza kurudi mmojammoja.

Kazi ikapamba moto. Walitengeneza jedwali la shule, la wachezaji, la mechi na la mabao. Mwalimu Kipriani aliwafundisha kuwa kila jedwali linahitaji ufunguo mkuu, yaani kitu kinachomtambulisha mmoja tu. "Kisifanane na cha mwingine," alisema, "na kisibadilike."

"Tutumie jina la mchezaji pamoja na shule yake," Edwin alishauri. "Huku kwetu mtu ni jina lake."

Walikagua majina yote yaliyoletwa na kamati ya ligi. Hakuna shule iliyokuwa na wachezaji wawili wenye majina yaliyofanana matatu yote. Wakaridhika. Mwalimu Kipriani, mzaliwa wa Njombe na mgeni wa mila za huku, naye akaridhika. Walikuwa wamelipima sharti la kwanza na kulisahau la pili.

Siku ya Klabu ilipofika, walisafiri alfajiri hadi Ruangwa pamoja na Mwalimu Dionisia. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi na walimu, na timu za ligi zilikuwa zimealikwa zije na jezi zao, kwa sababu kamati ilitaka kumtangaza mfungaji bora siku hiyo. Kompyuta za pale ukumbini zilikuwa kuukuu nazo. Klabu nyingine mbili zilikuwa zingali zinahangaika kusakinisha programu zao Mwantumu alipochomeka flashi, akanakili faili lake moja, akaikaza SQLite kama kawaida na kusema, "Tuko tayari."

Bwana Augustino, katibu wa ligi, alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani na asiyeamini kitu kwa urahisi. Alianza kuuliza. Shule gani imecheza mechi nyingi? Jibu likatoka. Nani hajafungwa nyumbani? Likatoka. Ukutani, ambako skrini ilionyeshwa kwa wote, majibu yalikuja upesi kuliko yeye alivyoweza kupekua karatasi zake.

"Haya," alisema. "Mfungaji bora wa msimu."

Edwin aliandika swali kwa SQL, kidole cha mwisho akakiinua juu kwa madaha kabla ya kubonyeza. Wa kwanza alitokea Jumanne wa Nachingwea, mabao tisa. Edwin nusura apae. Jumanne huyo alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa naye, na alikuwa amekaa mstari wa mbele akichekelea.

"Uongo!"

Aliyesema alikuwa tayari amesimama juu ya benchi, mvulana wa darasa la tano mwenye jezi ya shule ya Namungo. "Mimi Bakary nimefunga kumi na mawili! Namungo yote inajua. Mbona hapo mmeniandikia matano? Mabao yangu mengine mmeyapeleka wapi?"

Watoto wa Namungo, ambao kwao mpira si mchezo wa mchezo, wakaanza kupiga kelele. "Mabao! Mabao! Mabao!" Bwana Augustino akavua miwani.

"Binti," alimwambia Mwantumu, "kama mashine nayo inapoteza mabao, ina tofauti gani na karatasi zangu?"

Mwantumu alimwona Mwalimu Dionisia akishusha pumzi, na akayaona magunia ya mahindi yakiingia chumbani mwake. Alijilazimisha kutulia. Aliuliza kanzidata iwaonyeshe wafungaji wote wa Namungo. Chini ya Bakary palikuwa na mchezaji mwingine mwenye mabao saba, ambaye baada ya likizo ya mwezi wa sita hakucheza tena hata mechi moja. Saba na tano ni kumi na mbili.

"Kwani huyu..." alianza, akataka kulisoma jina lile kwa sauti.

Hapo hapo akauona uso wa Bakary. Ujasiri wote ulikuwa umemtoka, amelitazama jina ukutani kama mtu aliyevuliwa shati hadharani. Na watoto wa Namungo waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wamenyamaza, wengine wakitazama chini.

Mwantumu akaziba mdomo wake kwa mkono, kisha akauzima ule mwanga wa ukutani. Mtoto wa huku angewezaje kusahau? Wakati wa likizo wavulana wengi huenda jandoni. Mvulana akitoka jandoni hutoka na jina jipya, na lile la utoto hubaki kulekule. Kumwita mtu kwa jina hilo ni kumdhalilisha. Kaka zake mwenyewe walikuwa hivyo. Bakary alicheza mzunguko wa kwanza kwa jina moja, akaenda jandoni mwezi wa sita, akarudi kucheza mzunguko wa pili kwa jina lingine. Jina lile la kwanza hata mimi ninayesimulia sitalitaja.

Alimwendea Bakary na mwalimu wake wa michezo, wakanong'ona kando. Mwalimu yule akakubali kwa kichwa. Ni mtu mmoja.

Mwantumu alirudi kwa Edwin, akamweleza kwa sauti ya chini. Edwin alimtazama mdogo wake Jumanne pale mbele, ambaye bado alikuwa akichekelea.

"Tungeweza kuacha tu," Edwin alisema. "Hakuna atakayejua."

"Namungo watajua."

Edwin aliisogeza kibodi kwa Mwantumu. "Na mimi nitajua," alisema. "Kama ni yake, ni yake. Rekebisha."

Mwantumu akamgeukia katibu wa ligi. "Shikamoo, Bwana Augustino. Kosa ni letu, si la mashine. Tulimtambua mchezaji kwa jina, na jina la mtu huku kwetu linaweza kubadilika. Nakuomba utupe nafasi kidogo tulirekebishe hapahapa."

"Marahaba. Mnayo nafasi hadi chai iishe," mzee alisema.

Ukitaka kujua faida ya kufanya kazi kwa mikono yako mwenyewe, ungemwona Mwantumu wakati ule. Kwanza alinakili faili zima pembeni, ili akiharibu awe na pa kurudia. Kisha akatengeneza jedwali jipya la wachezaji ambalo kila mmoja ana namba yake, namba isiyofanana na ya mwingine na isiyobadilika hata abadilishwe jina mara ngapi. Majina akayapa jedwali la peke yake, ili mchezaji mmoja aweze kuwa na zaidi ya moja, na akaweka alama kwenye jina analoitwa sasa. Mabao yote akayafunga kwenye namba. Njiani programu ilimkatalia mara moja, kwa sababu bao moja lilielekezwa kwa mchezaji asiyekuwepo. Akacheka. Asingeikaza asubuhi, kosa lile lingemezwa kimyakimya.

Edwin naye alizunguka kwa walimu wa michezo wa shule nyingine, akiwauliza kando nani mwingine alitoka jandoni likizo ile. Walikuwapo kadhaa, wa Nachingwea na wa Ruangwa, na mabao yao yote yalikuwa yamegawanyika vilevile. Hata timu moja iliyodhaniwa ina wachezaji wengi kupita kiasi ilikutwa haina kosa.

Watu waliporudi kutoka kwenye chai, ukuta ukawashwa tena. Mwantumu alimwachia Edwin aandike swali lenyewe, kwa sababu alistahili. Edwin hakuinua kidole safari hii. Alibonyeza tu.

Bakary, Namungo, mabao kumi na mawili. Jumanne, Nachingwea, tisa. Jina la utoto halikuonekana mahali popote.

Ukumbi ulilipuka! Watoto wa Namungo walimbeba Bakary juujuu hadi jezi ikampanda kifuani. Alipita mbele ya Mwantumu akiwa hewani, akamwinamia kutoka juu na kusema, "Dada, asante," kisha akabebwa tena. Jumanne alinuna kidogo, halafu akaona kununa hakumletei bao, akaenda kumpa Bakary mkono. Edwin alimtazama mdogo wake akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mdogo wangu!" Mwantumu alijikuta analia na kucheka kwa pamoja, na hakuona haya.

Bwana Augustino alisubiri kelele zipungue. "Nimeandika ligi hii kwa karatasi kwa miaka," alisema. "Kila mwaka baada ya likizo mabao ya vijana wetu yalipotea, na kila mwaka nilidhani ni fitina za walimu. Leo nimeelewa. Na nimependa zaidi kwamba binti huyu ameyarudisha mabao bila kumvunjia mtu heshima. Kamati imechagua klabu ya Nachingwea."

Mwalimu Dionisia alipiga makofi hadi mkoba ukamdondoka. "Mwalimu Kipriani," alisema, "mahindi tutayatafutia paa lingine. Chumba ni chenu."

Walimu wa shule nyingine wakaja kuizunguka meza. Mmoja wao, kutoka upande wa Mbwemkuru, alimshika Mwantumu bega. "Mwanangu, na sisi tuna kompyuta zetu shuleni. Tuwafundishie wanafunzi kanzidata kwa programu ipi? Tuambie tu, tutaichukua hiyohiyo."

Watu wote walimtazama. Lilikuwa swali lilelile, na jibu lilikuwa mdomoni, tamu na jepesi.

"Sijui, Mwalimu," Mwantumu alijibu. "Sijaziona mashine zenu. Nikizijaribu nitakuambia."

Baadhi ya wanafunzi walicheka, wakidhani amekwama. Mwalimu Kipriani hakucheka. Aliwageukia, na akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Wanangu, lishikeni jibu hilo. Mwezi uliopita binti huyu alisema amejaribu kitu ambacho hakukijaribu, tukapoteza wiki. Kisha akasema kweli mbele ya wenzake, akainama kwenye kazi, na leo mmeona matunda yake. Mtu anayesema 'sijui, ngoja nijaribu' si mjinga. Mjinga ni yule anayejibu kabla ya kujaribu, halafu akawaachia wengine hasara. Chombo bora si kile chenye sifa nyingi. Ni kile ulichokipima kwa mkono wako, kwa kazi yako, ukakijua uzuri wake na ubaya wake. Semeni kweli, fanyeni kazi, na jina zuri litawafuata lenyewe."

"Basi twende," alisema yule mwalimu wa Mbwemkuru. "Moja ya mashine zetu nimekuja nayo, imo garini."

Mwantumu alichomoa flashi, akamfuata kwenda kuijaribu.